Magego ya mwanangu wa darasa la pili yameoza: ni pipi, ni mdudu, au amerithi kwangu?

Mwangaluka daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Isevya hapa Tabora mjini. Nina genge dogo mbele ya nyumba. Nauza nyanya, vitunguu na dagaa, na kwenye makopo juu ya meza kuna pipi, ubuyu, jojo na biskuti. Nalitaja hilo mapema kwa sababu nahisi lawama zote zinaelekea huko.

Binti yangu ana miaka saba, yuko darasa la pili. Wiki mbili zilizopita aliamka usiku wa manane analia, kashika shavu la kulia. Nikammulika mdomoni kwa tochi ya simu. Daktari, nilikaa chini. Gego la pili kutoka mwisho, chini kulia, lina shimo jeusi ambalo punje ya mtama ingeingia yote. La mbele yake limeanza kuwa la kahawia. Kushoto kuna jingine limebaki ukingo tu. La mwisho kabisa huko nyuma naona bado zima, ila limekaa chini kuliko wenzake na wala sikumbuki limeota lini. Huyu mtoto nilimpigia mswaki tangu ana miaka miwili, na alipofika mitano akawa anapiga mwenyewe kila asubuhi kabla ya shule. Nimekosea wapi?

Nilimpeleka zahanati moja, nikaambiwa hayo ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe. Nikapewa panado nikarudi. Baba watoto naye kashikilia hapo hapo: tusipoteze hela kwa meno ya kupita.

Mama mkwe ni mtu wa Sikonge na kila msimu anatuletea asali. Yeye anasema ni mdudu wa jino. Alitaka tumpeleke kwa mzee anayefukiza: mtoto anafunikwa shuka, mbegu zinachomwa karibu na bakuli la maji, anaachama juu ya moshi, na wadudu weupe wanadondoka majini. Anaapa kawaona kwa macho yake. Ni yeye pia aliyemzoesha binti kulamba kijiko cha asali kila usiku akishapanda kitandani, kwa ajili ya kifua. Mtoto alizaliwa wa miezi minane, kilo moja na gramu mia nane, na miaka ya mwanzo kikohozi hakikumtoka. Anasema asali si sukari, asali ni dawa. Sikumpinga.

Wifi yangu aliye Arusha naye amenipigia, ananiambia niache dawa ya meno yenye floridi, maana ndiyo imewapa watu wa kule meno ya kahawia. Nimeshabadilisha, tunatumia ya mitishamba.

Kinachoniumiza ni kwamba watoto wa jirani wananunua pipi kwangu kila siku na meno yao ni meupe kama tui. Wangu simruhusu kula nyingi. Namwachia moja moja, labda kwa siku zikafika tano, lakini kwa kupishana. Shuleni saa nne analamba barafu ya ukwaju. Asubuhi na jioni chai ya rangi, jioni na andazi. Ni hayo tu.

Mdogo wake ana miaka mitano. Yeye halalamiki, ila juu ya meno yake ya mbele, karibu na fizi, nimeona mstari mweupe kama chaki. Nadhani hiyo ni kalsiamu, au vipi?

Nisaidie. Ni mdudu? Amerithi kwangu, maana hata mimi nina magego matatu mabovu? Yang'olewe yote? Na hizi pipi niache kuuza?

Mama Wawili, Isevya


Mwangaluka mama,

Pole sana, na mpe pole binti. Nianze na la haraka kabla sijafika kwenye sababu.

Jino linalomwamsha mtoto usingizini, hali hajala wala hajanywa kitu, uozo wake umeshafika kwenye uhai wa jino, kule ndani kwenye mishipa. Hilo haliponi kwa kungoja. Mpeleke wiki hii hospitali ya mkoa pale Kitete, uulizie kitengo cha kinywa na meno. Wakati unasubiri, panado ya kipimo cha uzito wake inatosha kutuliza. Ukiona shavu limevimba, ana homa, jicho la upande huo linafumba, au anashindwa kufungua mdomo au kumeza, usingoje kesho, nenda saa hiyo hiyo. Na nakusihi, mtu asije akakushauri umtie tumbaku kwenye shimo, au mafuta ya taa, au maji ya betri. Wapo wanaofanya hivyo, na mtoto anaishia na jino bovu pamoja na fizi iliyoungua.

Sasa hilo la "yatang'oka yenyewe". Ni kweli yatang'oka, lakini lini? Meno ya mbele ya utoto huanza kutoka mtoto akiwa na miaka sita hivi. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka kumi, kumi na moja, hata kumi na mbili. Mwambie baba watoto apige hesabu: binti ana saba. Gego hilo lililotoboka analo kwa miaka mitatu hadi mitano zaidi. Miaka yote hiyo alale kwa maumivu, atafunie upande mmoja, akae darasani akisikiliza jino badala ya mwalimu? Tena gego la utoto ndilo linalolishikia nafasi jino la ukubwani lililo chini yake. Likioza hadi likatunga usaha, usaha huo uko jirani kabisa na jino jipya ambalo bado linajengwa. Likitoka mapema mno, ya pembeni husogea na jipya hukosa pa kupitia.

Lakini kuhusu kung'oa yote, hapana. Lile linalomwamsha usiku na lile lililobaki ukingo, daktari wa meno ataamua kama kuna la kuokoa au yatoke. Lile la kahawia huenda likazibwa bila hata mashine: sehemu iliyolainika inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, mara nyingi bila sindano, kisha tundu linajazwa. Njia hiyo ilianza hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, leo inatumika nchi nyingi. Kwa hiyo kama binti anaogopa mlio wa mashine, uliza kama inawezekana kwake.

Kuhusu mdudu. Mama mkwe hasemi uongo, kweli kaona kitu cheupe majini. Ila hakikutoka kwenye jino. Mbegu za jamii ya ndulele zikipata moto hupasuka, na kiini chake ni cheupe, chembamba, kimejikunja. Kikielea majini utaapa ni funza. Ukitaka kumwonyesha kwa heshima, bila kubishana, chukueni mbegu hizo hizo, mzichome karibu na bakuli la maji bila mtu yeyote kuachama juu yake. Aangalie mwenyewe. Mkubwa akijionea si sawa na kuambiwa.

Wanaoozesha meno wapo, ila ni vimelea vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kila mdomo unavyo. Vinaishi kwenye ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Ukila kitu chenye sukari, navyo vinakula, na vikila vinatoa asidi. Asidi hiyo inanyonya madini kutoka kwenye gamba gumu la nje ya jino kwa muda wa kama nusu saa, kisha mate yanaizimua na kuanza kurudisha madini yaliyotoka. Jino linaharibiwa na kukarabatiwa kila siku, kwako na kwangu pia. Linatoboka pale uharibifu unapokuwa na muda mrefu kuliko ukarabati.

Ndipo ninapofika kwenye maneno yako mawili yaliyonifanya niisome barua yako upya: "moja moja". Wewe ulidhani unampunguzia. Hebu tumhesabie siku yake kama ulivyoieleza. Chai ya asubuhi, mara moja. Barafu ya ukwaju saa nne, mbili, na hiyo hailiwi, inalambwa taratibu, ina sukari na ukali wa ukwaju pamoja. Pipi tano kwa kupishana, saba. Chai ya jioni na andazi, nane. Asali kitandani, tisa. Ukipa kila moja nusu saa yake, meno ya mtoto huyo yanakaa ndani ya asidi muda wa saa nne na nusu kwa siku, na bado pipi inayozungushwa shavuni huchukua zaidi ya hapo. Mate yafanye kazi saa ngapi? Pipi zile tano angezila zote kwa mkupuo mmoja baada ya ugali wa mchana, zingekuwa shambulio moja, siyo matano. Najua inasikika ajabu kwa mzazi aliyelelewa na kauli ya "kula kidogo kidogo".

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia inayotia aibu. Miaka ya 1940, kwenye hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali ili ionekane meno yanaoza vipi, na hakuna aliyewaomba ridhaa. Walioongezewa sukari ndani ya mlo hawakudhurika sana. Waliopewa pipi za kunata kati ya mlo na mlo, meno yao yaliteketea. Kwa kuwa walilipa wao, angalau sisi tusilipuuze.

Halafu asali. Najua nagusa kitu cha heshima. Tabora bila asali si Tabora, na asali ya Sikonge hata mimi nikiipata naificha. Lakini kwa jino, asali ni sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015 kuhusu sukari, liliiweka kundi moja na sukari ya mezani na juisi. Tatizo la binti wala si asali peke yake, ni saa anayopewa. Mtu akilala mate hupungua mno, mdomo unabaki mkavu. Kijiko kile kinaganda kwenye mashimo ya magego na kukaa humo mpaka alfajiri, hakuna wa kukiosha. Mama mkwe usimnyang'anye dawa yake. Mwombe tu aihamishie mezani: kijiko hicho kiingie kwenye uji wa asubuhi au kiliwe pamoja na chakula cha jioni, kisha mswaki, kisha maji matupu hadi kesho. (Na kama kwenye ukoo kuna kichanga ambaye hajatimiza mwaka, asilambishwe asali kabisa, hata tone. Inaweza kubeba mbegu za kimelea kinachotoa sumu inayolegeza viungo vya watoto wachanga.)

Umeuliza kuhusu watoto wa jirani. Meno hayagawiwi sawa. Wako alizaliwa kabla ya siku zake na uzito mdogo. Gamba la meno ya utoto huanza kujengwa mimba ikiwa tumboni na kumaliziwa mwaka wa kwanza wa maisha, kwa hiyo mtoto aliyetoka mapema, akaugua ugua, anaweza kuota magego yenye gamba hafifu. Pipi ile ile inayopita kwa mwenzake, kwake inaacha alama. Huenda pia jirani anapiga mswaki usiku, au anatumia dawa yenye floridi. Na huenda hujawahi kuwaachamisha wale watoto ukamulika huko nyuma. Meno meupe ya mbele hayasemi lolote kuhusu magego.

Kurithi? Mashimo hayarithiwi, ila vimelea hupita kwa mate. Mama mwenye magego mabovu akionja uji kwa kijiko cha mtoto, anampa na wapangaji wake. Sikuambii hivyo ili ujilaumu, kila mama anaonja uji. Nakuambia ili siku mtakayokwenda Kitete, na wewe ukae kwenye kile kiti. Magego yako matatu yametulia muda mrefu kwa sababu mama huwa wa mwisho nyumbani kutibiwa.

Sasa naomba unisikilize kwa makini zaidi, maana hapa ndipo pa kuokoa. Lile la mwisho kabisa, lililokaa chini, ambalo hukumbuki limeota lini, si jino la utoto. Ni gego la kwanza la ukubwani. Huota karibu na miaka sita, nyuma ya yote, bila jino lolote kung'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hawalioni. Yako manne, mawili juu na mawili chini. Hayo ndiyo atakayotafunia mahindi ya kuchoma akiwa bibi, na yakioza hakuna mengine ya kuja. Juu yake yana mifereji mirefu, myembamba kuliko unywele wa mswaki, na kwa kuwa bado yanapanda, mswaki unaopita juu ya wenzake unayaruka. Mtoto ambaye tayari ana mashimo kwenye magego ya utoto ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya kuoza na haya. Hilo ndilo linalonitisha kwa binti yako kuliko lile shimo jeusi. Ukifika hospitali sema waziwazi: "Naomba muangalie magego ya miaka sita, kama yanaweza kuzibwa mifereji au kupakwa floridi."

Nyumbani, mswaki mshike wewe. Mtoto wa miaka mitano hana mkono wa kusafisha magego, hata wa saba bado anahitaji msaada, kwa hiyo hapo ulimwachia mapema, kama wengi wetu. Usiku, baada ya kila kitu kuliwa, kaa kwenye kigoda, mtoto asimame mbele yako amekupa mgongo, kichwa akiegemeze kifuani kwako. Kwa namna hiyo unaona hadi nyuma. Mswaki wenye nywele laini. Ukifika kwenye lile gego lililo chini, usiusogeze mbele na nyuma kama kawaida. Ulaze ukitokea pembeni, ukivuka safu ya meno, ili ncha za nywele zizame juu yake. Dakika mbili. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ile dawa iliyobaki ndiyo inayofanya kazi usiku kucha. Asubuhi mnarudia. Kama lazima mkose mmoja, bora ukosekane wa asubuhi.

Na dawa ya floridi irudishe. Wifi yako kasema kweli nusu. Sehemu za Arusha na ukanda wa Bonde la Ufa maji ya ardhini yana floridi nyingi, na mtoto akiyanywa miaka yote ambayo meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, huota yakiwa na madoa ya kahawia. Hiyo ni floridi ya kumezwa kila siku kwa miaka. Dawa ya meno inapakwa na kutemwa. Kwa binti na mdogo wake weka kiasi cha punje moja ya njegere, aliye chini ya miaka mitatu ni punje ya mchele tu. Boksi likiandika kati ya 1000 na 1500 kwa kipimo cha ppm, hiyo ndiyo. Ya mitishamba ambayo haikutaja floridi inatoa harufu nzuri tu. Na anayetumia mswaki wa mti kijijini simkatazi, unaondoa ukoga vizuri, ila floridi nayo hana na mara nyingi haufiki kwenye gego la nyuma.

Ule mstari wa chaki kwa mdogo si kalsiamu iliyozidi, ni kalsiamu iliyotoka. Ndiyo hatua ya kwanza kabisa ya kuoza, kabla ya tundu, na ndiyo pekee inayoweza kurudi nyuma. Umeiona mapema, na mimi nafurahi kwa hilo kuliko unavyodhani. Kila Jumapili mchukue mwangani, inua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba, ufute meno kwa kitambaa kisafi, uangalie. Ikibaki pale au ikapungua weupe wake wa chaki, mnakwenda vizuri. Ikigeuka ya njano au kahawia, au kucha ikakwama ukiipitisha taratibu, naye apelekwe.

Biashara usifunge, ndiyo inayolipa ada na nauli ya Kitete. Ila makopo yale yaondoke usawa wa mikono ya wanao, yapande rafu ya juu nyuma yako. Mgao wao uwekwe kwenye kikombe, uliwe Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwa mkupuo, wafurahi, wanywe maji. Siku nyingine njaa ya saa kumi ipewe karanga za kukaanga, yai, muhogo wa kuchemsha, au embe msimu ukifika. Tunda zima halina kesi. Matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, ni chakula kizuri lakini yananata kwenye magego, yaende pamoja na mlo badala ya kutafunwa mchana kutwa. Hela ya barafu mpe ya kununulia karanga, au umfungie kabisa kutoka gengeni kwako. Chai ya jioni ianze na sukari nusu ya ile ya leo. Wiki ya kwanza watalalamika.

Ukitoka Kitete niandikie wamesemaje kuhusu yale magego manne ya nyuma, na kama lile la chini kulia limekutwa zima kama ulivyoliona kwa tochi.